Viza ya mzazi si kupanda feri ya Likoni
Kuna mwandishi aliyeandika kwamba ukiwa na uraia wa Uingereza unamchukua mzazi wako akaishi nawe, basi. Taratibu ndugu yangu. Tangu Julai 2012 wamekaza: mzazi awe hajiwezi kwa mambo ya kila siku, kuoga, kuvaa, kupika, kisha uthibitishe kwamba matunzo hayo huku kwao hayapatikani au hayalipiki. Sasa Mombasa hii utasema umekosa mtu wa kumwangalia mzee? Na ombi litoke huku huku. Usimpeleke kwa viza ya matembezi ukidhani ataibadilisha akishafika.

Dada yangu yuko Kanada, akamwombea mama ile waiitayo supa viza. Mzazi anakaa hadi miaka 5 kwa safari moja, ila si ukaazi wa kudumu, na lazima bima ya afya isiyopungua dola 100,000 za kwao. Siku ya alama za vidole mashine ilimkataa mama mara nne. Vidole vimelika kwa mbuzi ya nazi na majivu ya kusugulia sufuria. Kijana aliyekuwa akichukua alama akamloweshea kwa kitambaa, akabonyeza taratibu, "jaribu tena bibi", ndipo zikatoka.

Walio Marekani wana nafuu kidogo: raia aliyetimiza miaka 21 humwombea mzazi bila foleni ya mgao wa viza wa mwaka. Mwenye grini kadi tu, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, hapana.

Mama sasa yuko Toronto mwezi wa pili. Kila akipiga simu, kwanza anamuulizia paka wake.