Shukrani au jeraha: mahakama za wanajeshi wastaafu Marekani zinampima mshtakiwa kwa kipimo gani?

George Porter alipigana vita vya Korea. Alijeruhiwa Kunu-ri, akarudi mapiganoni Chip'yong-ni, na akapata nishani mbili za Purple Heart, ambayo jeshi la Marekani humpa askari aliyejeruhiwa na adui. Mwaka 1986, huko Florida, alimpiga risasi na kumuua aliyekuwa mpenzi wake pamoja na mwanamume aliyekuwa naye, na baadaye akahukumiwa kifo. Juri, yaani jopo la raia wanaosikiliza kesi, iliyopendekeza adhabu hiyo haikusikia karibu lolote kuhusu Korea. Wakili wake hakuomba kumbukumbu zake za jeshi, hakuomba za hospitali, wala hakuzungumza na ndugu zake.

Novemba 2009 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba Porter hakupata utetezi wa maana katika hatua ya adhabu. Katika uamuzi huo, Porter dhidi ya McCollum, majaji walitoa sababu mbili za kwa nini utumishi wake ulipaswa kusikika. Ya kwanza ni kwamba taifa lina desturi ya muda mrefu ya kuwaonea huruma waliolitumikia, hasa waliokuwa mstari wa mbele. Ya pili ni kwamba vita vilimwachia madhara ya akili na hisia ambayo juri ingeweza kuyazingatia.

Sababu hizi husemwa kwa pumzi moja kana kwamba ni jambo lilelile, na hapo ndipo mjadala mzima unapovurugika. Ya kwanza ni shukrani: mtu alitoa, kwa hiyo apewe. Ya pili ni jeraha: mtu aliumia, na kuumia huko kumechangia alichofanya. Ukichagua shukrani, mlango unafunguliwa kwa rekodi nzuri ya jeshi. Ukichagua jeraha, unafunguliwa kwa hali ya mtu, hata kama rekodi yake imechafuka. Sehemu kubwa ya ubora na udhaifu wa mahakama za wanajeshi wastaafu zilizopo Marekani leo, yaani vikao maalumu vinavyompa mshtakiwa aliyetumikia jeshi tiba na uangalizi badala ya njia ya kawaida ya adhabu, inatokana na kutochagua waziwazi kati ya hizo mbili.

Mahakama hizo hazina umri mkubwa. Jaji Robert Russell wa Buffalo, jimbo la New York, alianzisha ya kwake Januari 2008, na ndiyo iliyoigwa na wengi, ingawa Anchorage, Alaska, walikuwa wameanza kikao kama hicho mwaka 2004. Russell tayari alikuwa akiendesha mahakama ya watumiaji wa dawa za kulevya, mfumo uliozaliwa Miami mwaka 1989, na mahakama ya wagonjwa wa akili. Katika hii ya pili kulikuwa na mshtakiwa mmoja aliyepigana Vietnam ambaye matibabu yalikuwa hayamwingii. Jaji akawaomba watu wawili waliowahi kuwa jeshini waende kuzungumza naye kando. Aliporudi mbele ya jaji alisimama wima kama askari kwenye gwaride na kuahidi kujitahidi zaidi. Wazo la kumpa kila mshtakiwa mlezi aliyepitia jeshi lilianzia hapo, na leo mahakama za aina hii zimezidi 600 nchini humo.

Utaratibu wake, kwa kawaida, uko hivi. Mtu anapokamatwa au kufikishwa mahabusu anaulizwa kama amewahi kutumikia jeshi. Swali lenyewe lina ufundi wake: ukimuuliza "wewe ni mwanajeshi mstaafu?", wengi watasema hapana, kwa kuwa hawakupelekwa vitani, au waliondoka vibaya, au wanaona aibu. Ukimuuliza "umewahi kuvaa sare ya jeshi?", wanajibu. Kisha inatafutwa hati ya kuachishwa jeshi, DD-214, inayoonyesha muda wa utumishi, mahali na aina ya kuachishwa. Afisa wa Idara ya Masuala ya Wanajeshi Wastaafu, VA, anapima afya ya akili na matumizi ya vilevi na kuandaa mpango wa tiba. Mwendesha mashtaka akikubali, kesi inahamishiwa kwenye kikao maalumu.

Baada ya hapo mshtakiwa hufika mbele ya jaji mara kwa mara, mwanzoni aghalabu kila wiki mbili. Anapimwa mkojo bila taarifa. Anahudhuria tiba na kukutana na mlezi wake. Afisa wa VA yumo mahakamani na kompyuta yake, hivyo miadi ya daktari inaweza kupangwa papo hapo badala ya mtu kupewa namba ya simu na kupotelea mtaani. Akiteleza, adhabu ni za ngazi: kuitwa mara nyingi zaidi, kazi za kijamii, siku chache mahabusu. Programu huchukua kati ya miezi 12 na 24. Akimaliza, shtaka hufutwa au kupunguzwa. Akishindwa, kesi inarudi njia ya kawaida.

Kwa hiyo anayesema huu ni upendeleo mtupu hajatazama ratiba. Mtu aliyeshtakiwa kwa kosa dogo ambalo lingemalizika kwa faini au siku chache za mahabusu anaweza kujikuta chini ya uangalizi kwa mwaka mmoja na nusu, akipimwa mkojo na kuomba ruhusa ya kusafiri. Mawakili wa utetezi wanalijua hili, na wapo washtakiwa wanaoshauriwa kuikataa nafasi hiyo kwa sababu hesabu hailipi. Kwa kosa zito hesabu inageuka, lakini baadhi ya mahakama huyakataa makosa mazito zaidi.

Hoja nzito ya upande wa pili ni ya usawa. Chukua vijana wawili walioshikwa na kosa lilelile la kupigana baa. Mmoja aliona wenzake wakilipuliwa Fallujah, Iraq. Mwingine alikulia mtaa wa Chicago ambako alishuhudia kaka yake akipigwa risasi. Wote hawalali usiku, wote wanashtuka wakisikia mlio. Kwa nini mmoja afunguliwe njia ya hospitali na mwingine njia ya jela? Shirika la kutetea haki za kiraia la ACLU lilitoa pingamizi la aina hii mapema kabisa, huko Nevada: hadhi ya mtu isiwe tiketi, kinachopaswa kuangaliwa ni ugonjwa.

Watetezi hujibu kwamba jeraha la askari lina mwajiri. Serikali ndiyo iliyomchukua akiwa na miaka 18, ikamfundisha kuua, ikampeleka, ikamrudisha. Dola inayomshtaki ndiyo iliyoshiriki kumjeruhi, na ina deni ambalo haina kwa raia mwingine. Kuna pia jibu la kiutendaji: hospitali za VA zipo tayari na zinalipiwa na serikali kuu, hivyo mahakama ya kaunti inapata tiba bila kuingia gharama. Mimi naona jibu la kwanza lina nguvu, ila linashika tu pale jeraha linapotokana na utumishi. Kwa karani wa ghala aliyemaliza mkataba wake salama salmini kisha akaiba gari, hoja ya deni haina pa kusimama, na kinachobaki ni shukrani. Jibu la pili linaeleza kwa nini jambo ni rahisi kufanyika. Kama ni la haki au la, halisemi.

Baadhi ya majimbo yameandika sheria zinazodai uhusiano huo. California, katika kifungu cha 1170.9 cha sheria yake ya jinai, inataja kiwewe (PTSD, ugonjwa wa akili unaobaki baada ya tukio la kutisha), jeraha la ubongo, kutendewa ukatili wa kingono jeshini, uraibu na matatizo ya akili yaliyotokana na utumishi. Minnesota ilipitisha sheria mwaka 2021 inayomtaka mshtakiwa aonyeshe kwamba kosa limetokana na hali aliyoipata jeshini. Hiyo ndiyo njia iliyo sawa kwa mtazamo wangu, ingawa ni ngumu kuithibitisha: daktari anaweza kusema mtu ana kiwewe, lakini kusema kiwewe ndicho kilichomfanya aiibe simu ile siku ile ni jambo jingine.

Mahali ambapo mantiki ya shukrani inaumiza waziwazi ni mlangoni. Jeshi la Marekani lina ngazi tano kuu za kuachishwa, kuanzia ya heshima hadi ya fedheha. Katikati ipo inayoitwa "isiyo ya heshima kamili", ambayo hutolewa kiutawala bila mahakama ya kijeshi. Askari aliyerudi kutoka Iraq au Afghanistan akaanza kulewa, akachelewa gwaride, akatoroka kikosini wiki mbili, akakutwa na bangi kwenye mkojo, huondolewa kwa hati ya namna hii. Mambo hayo hayo daktari angeweza kuyaona kuwa dalili za kiwewe. Lakini hati hiyo huweza kumfungia huduma za VA, na mahakama inayotegemea VA kwa tiba humkataa kwa kuwa haina pa kumpeleka. Matokeo yake aliyeumia zaidi anaachwa nje, na aliyeumia kidogo akiwa na hati safi anaingia.

Marekebisho yamejaribiwa. Septemba 2014 Waziri wa Ulinzi Chuck Hagel aliagiza bodi za kurekebisha kumbukumbu za jeshi zizingatie kwa upana madai ya kiwewe ya askari wa zamani, hasa wa Vietnam, kwa kuwa ugonjwa huo haukuingizwa rasmi kwenye mwongozo wa madaktari wa akili hadi mwaka 1980. Tangu 2017 VA imefungua huduma ya dharura ya afya ya akili kwa wenye hati mbaya. Hata hivyo mtu aliye mahabusu leo hana muda wa kungoja bodi ijibu. Mahakama inayotaka kuwa ya haki inapaswa kuwa na kliniki ya pili nje ya VA, inayolipiwa na kaunti au jimbo, la sivyo kigezo cha bajeti kinakuwa kigezo cha haki.

Kuna tatizo jingine. Takwimu za Wizara ya Sheria za 2011 na 2012 zilionyesha kwamba asilimia 64 ya wanajeshi wa zamani waliokuwa magerezani walihukumiwa kwa makosa ya ukatili, wakati kwa wafungwa wengine ilikuwa asilimia 48. Mahakama isiyopokea makosa ya ukatili inaliacha kundi kubwa kuliko yote. Inayoyapokea inakutana na mke. Ukatili wa nyumbani ni kosa la kawaida miongoni mwa waliorudi vitani, na watetezi wa wanawake wana sababu ya kuogopa: ukumbi umejaa bendera na walezi waliovaa beji, kila mtu anampongeza mume kwa kuhudhuria tiba, na aliyepigwa hana kiti. Tiba ya kiwewe pia haimfundishi mtu kuacha kumtawala mwenzake. Hiyo ni kazi ya programu tofauti. Mahakama zinazofanya vizuri hutoa amri ya zuio kabla ya kumpokea mshtakiwa, huondoa silaha nyumbani, na huwa na mtu wa kuwasiliana na mke kando, anayemwarifu kila mume anapokosa miadi. Pasipo mambo hayo matatu, kesi ya aina hiyo isipokelewe.

Je, zinafanya kazi? Utafiti mkubwa uliotumia kumbukumbu za VA za washiriki karibu 8,000 ulikuta kiasi cha asilimia 14 walifungwa tena wakiwa kwenye programu. Inaonekana vizuri, lakini washiriki walichujwa mlangoni na wenyewe walikubali kuingia, hivyo huwezi kuwalinganisha moja kwa moja na waliokataliwa.

Kwa wasomaji wa Kiswahili walio na ndugu katika jeshi la Marekani, hatari kubwa iko kwenye neno moja: kukiri. Wengi walijiunga wakiwa wakaazi wa kudumu, na mpango wa jeshi uitwao MAVNI, uliosimamishwa 2016, uliwahi kuandikisha wazungumzaji wa Kiswahili wasio raia. Baadhi ya mahakama hizi humtaka mshtakiwa akiri kwanza, kisha humfutia shtaka akimaliza. Kwa sheria za jimbo, hana hatia tena. Kwa sheria ya uhamiaji, kukiri pamoja na masharti aliyowekewa vinatosha kuhesabiwa kuwa ametiwa hatiani, na anaweza kufukuzwa nchini hata akiwa na cheti cha kuhitimu programu. Jose Padilla, mkaazi wa kudumu aliyetumikia jeshi la Marekani wakati wa vita vya Vietnam, alikiri kusafirisha bangi Kentucky baada ya wakili kumwambia asiwe na wasiwasi kuhusu uhamiaji. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu iliamua kuwa wakili ana wajibu wa kumweleza mteja hatari hiyo. Kwa hiyo swali la kwanza kwa asiye raia ni kama programu inaanza kabla ya kukiri. Kama sivyo, wakili wa uhamiaji aitwe kabla ya kusaini chochote. Na kama bado yuko jeshini, maombi ya uraia yaende sasa, kabla hapajatokea kesi yoyote.

Huku nyumbani Afrika Mashariki hali inatofautiana kwa mipaka. Kenya, ambayo askari wake wameingia Somalia tangu Oktoba 2011, ina nafasi ya kisheria hata kwenye mauaji: uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Kenya katika kesi ya Muruatetu, Desemba 2017, uliondoa ulazima wa hukumu ya kifo na kumruhusu jaji kusikiliza hali ya mshtakiwa. Tanzania, kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu bado kinaweka kifo kuwa adhabu pekee ya mauaji ya kukusudia, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilikikosoa mwaka 2019 katika shauri la Ally Rajabu. Askari mwenye kiwewe aliyeua akipatikana na hatia ya kukusudia, ripoti ya daktari haina tena pa kusomwa. Katika makosa mengine yote nchi zote mbili zinaweza kuanza bila mahakama mpya: mshtakiwa aulizwe utumishi wake anapopokewa mahabusu, na mahakama iagize faili lake la matibabu kutoka jeshini kabla ya siku ya adhabu.