Umeme Unaorudi: Transfoma au Saplai ya Swichi kwa Mota za Servo

Mashine ilikuwa inachonga bamba la alumini la unene wa milimita 6. Kisu kilipomaliza mstari, meza ikaanza kurudi mbio, na pale ilipotakiwa kusimama taa ya kijani ya saplai ya volti 48, yaani kifaa kinacholisha mashine umeme, ikazimika. Meza ikaendelea kuteleza yenyewe mpaka ikagonga kizuizi. Muda mfupi baadaye taa ikawaka tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilibadilisha nyaya, nikabadilisha draiva (saketi inayoendesha mota), nikaishuku enkoda (kihisio kinachopima mota imezunguka kiasi gani). Ilinichukua siku kadhaa kugundua kwamba saplai ilikuwa inaletewa umeme na mota, na haikuundwa kupokea umeme.

Wanaojijengea mashine ndogo za CNC, zinazoongozwa na kompyuta, wamegawanyika kuhusu jambo hili. Wako wanaoapa kwa transfoma nzito, daraja la dayodi linalogeuza umeme wake kuwa mkondo mnyoofu (DC), na kapasita kubwa inayouhifadhi. Wengine wanauliza kwa nini mtu abebe mzigo wa shaba na chuma wakati saplai ya swichi, inayopunguza volti kwa kuwasha na kuzima umeme kwa kasi kubwa, ni nyepesi na volti zake haziyumbi. Kila upande una hoja za kweli. Ninachoona kinakosekana ni hesabu ya safari ya kurudi: watu hupiga mahesabu ya ampea zinazokwenda kwenye mota, basi.

Mota ya servo ya mkondo mnyoofu, yaani mota ambayo draiva huisahihisha kwa kufuata enkoda, ikifungwa breki na draiva hugeuka jenereta. Nguvu ya mwendo iliyomo kwenye rota, skrubu na meza hurudi kupitia draiva hadi kwenye waya wa saplai. Tuseme ni jouli 20, na nusu yake ipotee njiani kama joto. Kapasita ya mikrofaradi 20,000 kwenye volti 48 tayari ina jouli 23. Ukiiongezea 10, volti zinapanda hadi 57 au 58, na draiva inayovumilia volti 80 haisumbuki hata kidogo. Sasa chukua saplai ya swichi yenye mikrofaradi 2,000 tu upande wa kutolea umeme. Jouli 10 zilezile, kwa hesabu, zingezipeleka volti hadi 110. Saplai haisubiri kufika huko. Ulinzi wake unakata. Usipokata, draiva ndiyo inayoungua.

Transfoma ina faida nyingine. Servo inapoanza kuondoka inaweza kuvuta mara tatu ya mkondo wake wa kawaida kwa kitambo kidogo. Transfoma huvumilia, volti zikishuka kidogo tu, ilhali saplai nyingi za swichi huchukulia mvuto huo kama shoti na kukata.

Lakini wanaoikataa transfoma hawaikatai bure. Volti zake hufuata umeme wa ukutani: ukipanda kwa asilimia 10, za kwako nazo zinapanda vivyo hivyo, kwa hiyo anayebana hesabu hadi volti 78 kwa draiva ya 80 anajitafutia hasara. Transfoma ya duara ikiwashwa huvuta mkondo mkubwa ghafla na kuangusha swichi kuu, hivyo inahitaji rezista ya kuanzia inayopunguza mkondo huo, pamoja na rilei, swichi ya umeme inayoiondoa rezista kazini baada ya kuwaka. Kinachonitia hofu zaidi ni kapasita yenyewe. Ukizima, jouli 23 bado zimo ndani. Nimeona ncha ya bisibisi ikitoboka kwa kugusa vituo viwili kwa bahati mbaya. Rezista ya omu 1,000 ikifungwa sambamba na kapasita huishusha hadi volti chache ndani ya dakika moja, nayo hutoa wati 2.3 tu, kwa hiyo weka ya wati 5 na usiiondoe. Pia swichi ya dharura inayokata umeme wa ukutani peke yake haitoshi, kwa sababu kapasita itaendelea kulisha mota. Swichi hiyo lazima izime na draiva.

Je, saplai ya swichi inaweza kusaidiwa? Inaweza, ila si kwa kuning'iniza kapasita kubwa juu yake. Kapasita tupu inaonekana kama shoti, na saplai inaweza kugoma kuwaka. Dawa yake ni dayodi nene inayozuia umeme kurudi, kapasita nyuma yake inayojazwa taratibu kupitia rezista, na saketi ndogo inayowasha rezista ya breki, inayogeuza umeme wa ziada kuwa joto, volti zikifika 55 hivi. Rezista ya omu 10 hapo inakula wati 300 kwa muda mfupi. Jouli 10 zinakwisha kwa sehemu ndogo ya sekunde.

Wapo wanaopunguza tu kasi ya kuanza na kusimama kwenye programu. Inafanya kazi, kwa kuwa msuguano unapata nafasi ya kula sehemu kubwa zaidi ya nguvu ile. Lakini mtu aliyenunua servo kwa ajili ya wepesi wake anakuwa amerudi alikotoka. Kabla ya lolote, hakikisha mota imerekebishwa vizuri: ikitetemeka kwa kuwa draiva inaisahihisha kupita kiasi, inasukuma umeme mbele na nyuma bila kukoma, na saplai yoyote itaonekana mbovu.

Kwa mashine yenye meza nzito, ningeanza na transfoma bila kusita. Kwa mashine nyepesi ya kuchonga mbao, saplai ya swichi yenye breki inatosha, na ni salama zaidi kwa anayejifunza. Mashine yangu niliiachia saplai ileile, nikafunga dayodi, kapasita na breki. Meza ikienda na kurudi mfululizo, rezista inapata joto la kushikika kwa mkono, na taa ya kijani haijazimika tena.