Geji ya joto kwanza, nozeli baadaye

Kuna video inazunguka kwenye magrupu ya madereva. Hilux Vigo nyeupe imesimama uani kwa fundi, boneti wazi, mtu kakaa kwenye usukani anakanyaga mafuta mpaka mwisho, na ekzosi inatapika moshi mweusi hadi ukuta wa nyuma hauonekani. Watu wanashangilia. Chini yake kuna tangazo: turbo kubwa, nozeli kubwa, mlima Kitonga utauona tambarare, piga simu.

Kila nikiitazama hasira inanipanda, kwa sababu namjua atakayepiga hiyo simu. Ni mtu wa Makambako au Njombe anayebeba viazi. Pikapu yake ni moja, na hiyo moja ndiyo mtaji, ndiyo ada ya watoto, ndiyo dhamana ya mkopo wa SACCOS. Anachotaka ni kupanda mlima na mzigo bila kurudi gia ya kwanza. Ni haki yake kutaka hivyo. Anauziwa moshi.

Tuelewane kuhusu huo moshi. Injini ya dizeli haina mlango wa kuzuia hewa kama ya petroli. Inavuta hewa yote inayoweza kuipata, na nguvu inapanda au kushuka kulingana na dizeli ambayo nozeli zinapuliza ndani; turbo kazi yake ni kuisukumia hewa zaidi. Gramu moja ya dizeli inataka gramu 14 na nusu hivi za hewa ili iungue yote, na kwa kuwa muda wa kuchanganyika ni mfupi mno, injini isiyo na hitilafu huwa inafanya kazi na hewa nyingi kuliko hapo. Ukimimina dizeli kupita hewa iliyopo, inayozidi inageuka masizi. Yale mawingu meusi ni mafuta uliyoyalipia pale sheli, yamepita ndani ya injini yako bila kusukuma kitu.

Laiti ingekuwa hasara ya mafuta tu, nisingeandika. Shida kubwa ni joto, na hapa ndipo mafundi wengi waliozoea petroli wanapoteleza. Kwenye petroli, mchanganyiko wenye mafuta mengi kidogo unapoza. Kwenye dizeli mambo yako kinyume: kadiri unavyoongeza mafuta bila kuongeza hewa, ndivyo joto la ekzosi linavyopanda. Alumini tupu inayeyuka kwenye nyuzi 660. Aloi za pistoni zinaanza kuyeyuka hata kabla ya 600. Pistoni inavumilia moto mkali kuliko huo kwa sababu inapozwa na oili na maji kwa kila mzunguko, lakini uvumilivu huo una kikomo, na kikomo hicho unakifikia mlimani, mzigo umejaa, mguu umekanyaga dakika baada ya dakika. Hukifikii uani kwa fundi ukipiga resi za kurekodi video. Ndiyo maana gari inatoka gereji ikiwa nzima na mteja anaondoka na furaha.

Jirani yangu mmoja alifanyiwa kazi ya aina hiyo kwenye Vigo yenye injini ya 1KD. Matundu ya nozeli yalipanuliwa, turbo ikabadilishwa, akaambiwa asubuhi njoo uchukue gari. Ilivuta kweli, sikatai. Alinichukua tukazunguka nayo na niliona tofauti. Kisha siku moja akiwa amepakia lumbesa zake, anapanda kutoka Ruaha Mbuyuni, akasikia mgongano, nguvu ikakatika, moshi wa buluu nyuma. Injini ilipofunguliwa, pistoni moja ilikuwa na shimo juu, kingo zake zimelainika na kushuka kama nta ya mshumaa. Fundi aliyefanya ile kazi alimwambia ni oili mbaya. Jirani yangu hakuwa na geji ya joto, kwa hiyo hakuwa na namna ya kubishana naye. Nimekaa na yule mzee barazani kwake na nimeona alivyokuwa anahesabu upya msimu mzima, na sitaki kuona mwingine.

Hiyo geji si kitu cha anasa. Ni waya wa kupima joto unaochomekwa kwenye manifodi ya ekzosi, kabla ya turbo, na saa ndogo kwenye dashibodi. Nasisitiza kabla ya turbo, kwa sababu ukiufunga baada ya turbo unasoma joto lililokwisha kushuka kwa nyuzi mia moja au zaidi, na unajidanganya. Mafundi makini wa dizeli hawapendi ile saa ikae juu ya nyuzi 700 kwa muda mrefu. Ikikaribia hapo ukiwa mlimani, unapunguza mguu au unashuka gia moja. Ni hilo tu. Gereji inayokuuzia nozeli kubwa bila kukufungia hiyo saa inacheza na injini isiyo yake.

Turbo kubwa nayo ina habari yake. Turbo inazungushwa na gesi ya ekzosi, na gurudumu kubwa linahitaji gesi nyingi ili liamke. Pikapu ya mizigo ikiwa Kitonga iko gia ya pili au ya tatu, injini inazunguka 1,600 au 1,800 kwa dakika. Pale ndipo unapoitaka hewa. Turbo kubwa pale bado imelala; itaamka ukifika 2,800 au 3,000, mahali ambapo mwenye viazi hafiki akiwa mlimani. Kwa hiyo umepewa dizeli nyingi kutoka kwenye nozeli mpya, na hewa bado haijafika. Ule moshi wa video unarudi, safari hii na tani mbili mgongoni. Turbo iliyokuja na 1KD kutoka kiwandani ina vipezi ndani vinavyojifunga na kujifungua, vinavyobana gesi injini ikiwa taratibu ili hewa ije mapema. Imetengenezwa kwa kazi hiyo hiyo ya kuvuta mzigo chini chini. Unaitoa, unaweka ya kukimbilia, halafu unakwenda nayo mlimani?

Tena Vigo nyingi zinazoletwa kwa fundi kwa madai kwamba hazina nguvu zimepoteza nguvu zilizozaliwa nazo. Vipezi vimekwama kwa masizi, mpira wa kupeleka hewa umechanika upande wa chini usioonekana, eya klina imejaa vumbi la Makete, filta ya dizeli haijabadilishwa tangu mwenye gari wa kwanza. Zisafishe, ziba panapovuja, ndipo uniambie kama bado unahitaji turbo nyingine. Na kuna Vigo za injini ya 2KD zilizotoka bila intakula kabisa, kile kipozeo cha hewa inayotoka kwenye turbo. Kwa hizo, kupoza hewa kabla haijaingia kwenye silinda kunakuongezea nguvu huku kukishusha joto la ekzosi, na ndiyo pesa ninayoweza kumshauri mtu aitumie bila wasiwasi.

Sasa nozeli zenyewe. Kwenye injini hizi za Vigo, ambazo Toyota wanaziita D-4D, dizeli inasukumwa kwa msukumo wa zaidi ya bar 1,000, wakati nozeli za 1HZ, injini ya zamani ya Land Cruiser, zinafunguka kwenye bar 150 hivi. Tundu la nozeli ni kama sehemu ya kumi ya milimita. Mtu anakuambia atalipanua kwa mkono, kwenye benchi yenye mafuta na mchanga, na nozeli nne zitoke sawasawa! Haziwezi. Moja itamimina zaidi ya wenzake, na silinda hiyo ndiyo itakayoungua kwanza. Matone yanakuwa makubwa, dizeli inapiga ukuta wa silinda, inaosha oili, inateremka chini. Ukipima oili ukakuta imepanda kwenye stiki bila wewe kuongeza, na inanuka dizeli, usifurahi. Na kontrol boksi inayoziamuru nozeli haijui kwamba tundu limepanuliwa. Inafungua nozeli kwa muda ule ule wa zamani, hata kwenye sailensa, yaani gari imesimama inanguruma bila kukanyagwa mafuta, na ndiyo maana gari inaanza kugonga asubuhi.

Nozeli zinapimwa kwenye mashine. Mashine inaonyesha kila moja inatoa kiasi gani ikiwa sailensa, kiasi gani kwenye ule mpulizo mdogo wa kwanza, kiasi gani kwenye mzigo, na inarudisha dizeli kiasi gani nyuma. Omba karatasi ya majibu, nozeli kwa nozeli. Kama nozeli zako zina msimbo uliochapwa juu yake, msimbo huo lazima uingizwe kwenye kontrol boksi kwa kompyuta, maana ndio unaoiambia injini tabia ya kila nozeli. Na vile vioshi (washa) vya shaba chini ya nozeli vibadilishwe kila zinapofunguliwa. Kwenye 1KD nozeli zimekaa chini ya kifuniko cha valvu. Kioshi kikivuja, moshi wa silinda unaingia kwenye oili, masizi yanashuka na kuziba chujio la pampu ya oili kule chini. Injini inanoki kwa kukosa oili, huku kila mtu akiangalia turbo. Kioshi bei yake ni ya kifungua kinywa.

Kuna jambo linaniuma kwa sababu mwenye gari analibeba peke yake: dizeli yenyewe. Tangu Januari 2015 nchi zetu za Afrika Mashariki zimehamia kwenye dizeli ya salfa kidogo, sehemu 50 kwa milioni, na hilo lilikuwa jambo jema. Ila bado kuna dizeli ya madumu njiani, na hatujasahau uchakachuaji, ule uliosababisha serikali ipandishe kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011 ili bei yake isiwavutie wachanganyaji. Mafuta ya taa hayalainishi. Pampu na nozeli za bar 1,000 zinategemea dizeli hiyo hiyo kama oili yake. Unalipa mamilioni kwa nozeli mpya, halafu unajaza dumu la bei rahisi pale barabarani kwa sababu umeokoa shilingi mia mbili kwa lita. Naomba sana, tusifanye hivyo.

Wenye Land Cruiser za 1HZ watanijia juu kwa hayo ya turbo, na nitawapa haki yao, ingawa si yote. Mbeya mjini, mita 1,700 hivi juu ya bahari, msukumo wa hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko Dar. Injini isiyo na turbo kule inakosa pumzi na inatoa moshi hata kama pampu ya dizeli haijaguswa. Kuifungia turbo ndogo yenye msukumo wa chini kunairudishia hewa iliyokosa, na nimeona gari za hivyo zikidumu. Lakini 1HZ inaibana hewa kwenye silinda 22.4 kwa 1 na ina vyumba vidogo vya kuanzia moto kwenye silinda hedi. Toyota walipotaka turbo kwenye ndugu yake, 1HD-T, walibadilisha upulizaji wa dizeli na kushusha mbano hadi 18.6. Hawakufanya hivyo kwa kupenda gharama. Anayefungia 1HZ turbo kisha akaifungulia pampu mpaka itoe moshi anaitafutia hedi ufa. Kwa hiyo sawa, fungeni, lakini msukumo mdogo, pampu iguswe kidogo sana, na ile geji ya joto iwepo kabla ya gari kutoka uani.

Turbo za mtumba kutoka Dubai: nyingine nzuri, nyingine shafti inacheza, ishike kwa mkono kabla hujalipa. Klachi ya kawaida itateleza ukiongeza nguvu sana. Oili ya turbo ndiyo oili ya injini, na ile shafti inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, kwa hiyo usivushe muda wa sevisi, na ukifika juu ya mlima usizime gari papo hapo.

Na kuna breki, ambazo kwenye lile tangazo hazikutajwa kabisa. Mwenye pikapu akiongezewa nguvu hapunguzi muda wa safari, anaongeza magunia. Yale magunia yanapanda Kitonga kwa turbo mpya, halafu siku ya kwenda Tunduma yanashuka Iwambi kwa breki zile zile alizonunua nazo gari. Mafundi wangu, mnaosoma hapa na mnanijua: mteja akija na pesa ya nozeli, fungueni kwanza matairi ya mbele mumuonyeshe diski zake kwa macho yake, na kama zimekwisha, pesa hiyo iende huko.