Mgeni wa Hoteli za Disney Amebakiziwa Nusu Saa

Kila likizo ya watoto inapokaribia, kwenye makundi yetu ya WhatsApp ya Watanzania huku Texas swali linarudi: tukienda Disney kule Orlando, Florida, tulale kwenye hoteli zao au tutafute hoteli ya nje? Zamani jibu lilikuwa jepesi. Ukiwa na uwezo, lala ndani, maana mgeni wa ndani alikuwa anadekezwa kwelikweli. Siku hizi nauliza kwanza mko wangapi, mna gari au hamna, na watoto wana umri gani. Nikishapata majibu, mara nyingi nawaambia walale nje.

Walt Disney World ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971 ikiwa na bustani moja ya michezo na hoteli mbili kubwa, Contemporary na Polynesian. Leo bustani ni nne na hoteli zimejaa kila upande. Ukitoka nje kidogo, kwenye barabara ya 192 kule Kissimmee, utakuta moteli za nusu ya bei na hata chini ya hapo, kitanda safi na kifungua kinywa juu. Kwa hiyo anayelala kwa Disney halipii kitanda. Analipia kutangulizwa na kupunguziwa usumbufu, na ndivyo hivyo viwili vilivyokatwakatwa miaka hii huku bei ya chumba ikiwa haijashuka. Mimi naita hilo kupandisha bei, hata pale namba iliyoandikwa kwenye tovuti inapokuwa ile ile.

Chukua basi la uwanja wa ndege. Lilianza mwaka 2005 kwa jina la Magical Express, na lilikuwa bure kwa mgeni yeyote wa hoteli za Disney, awe wa chumba cha bei nafuu au cha kifahari. Kabla ya safari posta ilikuletea bahasha yenye vitambulisho vya njano vya kufunga kwenye masanduku. Unafunga, unakabidhi mizigo Houston, na huioni tena mpaka iletwe chumbani kwako. Wenzako wamezunguka mkanda wa mizigo wakivizia masanduku yao, wewe unateremka na mkoba wa mkononi tu, unapanga foleni, unapanda basi, watoto wanaangalia katuni kwenye vioo vidogo juu ya viti. Siku ya kuondoka unakabidhi mizigo hapo hapo hotelini na kupewa pasi ya kupandia ndege. Mwaka 2020 huduma ya mizigo ilisimama na haikurudi. Januari 2022 basi lenyewe likafutwa. Kampuni ya Mears, iliyokuwa ikiliendesha, ikaendelea kusafirisha wageni kwenye njia ile ile, ila kwa nauli.

Maelezo ya Disney yalikuwa kwamba wageni sasa wana njia nyingi za usafiri za kuchagua, zikiwemo teksi za kuita kwa simu. Sawa, hayo yanamfaa kijana mwenye begi moja mgongoni. Hayamfai mama aliyetua na watoto watatu, mama mkwe aliyekuja kwa viza ya matembezi, na masanduku yasiyoingia kwenye buti ya gari dogo, tena viti vya watoto hana. Familia zetu nyingi husafiri hivyo hivyo, kwa ukoo. Kwa watu kama hao basi lile lilikuwa na thamani kuliko bwawa la kuogelea.

Vingine vilikwenda kimyakimya. Mikanda ya mkononi inayofungua chumba na geti, MagicBand, ilikuwa bure kwa wageni wa hoteli hadi mwanzoni mwa 2021. Sasa unainunua, au unatumia kadi. Ulikuwa ukinunua mwanasesere mchana ndani ya bustani, dukani wanakupelekea hadi hotelini usihangaike naye kutwa nzima. Hilo nalo lilikatika 2020.

Lakini kinachouma zaidi ni foleni. Tangu 1999 Disney walikuwa na FastPass, tiketi ya bure iliyokurudisha kwenye mchezo saa fulani ukapita njia ya mkato. Ilipohamia kwenye simu, mgeni wa hoteli aliruhusiwa kuchagua michezo yake siku 60 kabla ya kufika, wa nje siku 30. Wote bure, tofauti ni kwamba wa ndani alitangulia mwezi mzima. Janga la korona lilipofunga milango, mfumo huo ukalala na haukuamka. Oktoba 2021 ikaja Genie+, njia ya mkato ile ile ila ya kulipia, iliyoanza kwa dola 15 kwa mtu kwa siku. Julai 2024 ikabadilishwa jina kuwa Lightning Lane Multi Pass, bei ikipanda na kushuka kulingana na tarehe na bustani, na mgeni wa hoteli akarudishiwa upendeleo: anaweza kuinunua siku 7 kabla, wa nje siku 3.

Hapo ndipo nilipocheka peke yangu. Zamani ulitangulizwa kuchagua. Leo unatangulizwa kulipa, na lazima uamke, kwa sababu dirisha linafunguliwa saa moja asubuhi ya Florida, ambayo kwetu Texas ni saa kumi na mbili. Mwisho wa mwaka huo wakaongeza Premier Pass, ya kupita kwenye njia za mkato zote bila kupangiwa saa. Waliouziwa kwanza walikuwa wageni wa baadhi ya hoteli zao. Bei ya juu iliyotangazwa ilikuwa dola 449 kwa mtu mmoja, bustani moja, siku moja.

Sasa ile nusu saa niliyoitaja kwenye kichwa. Kabla ya 2020, kila siku kulikuwa na bustani iliyofunguliwa mapema saa nzima, au kuongezewa muda wa saa mbili usiku, kwa wageni wa hoteli zote. Siku hizi ni dakika 30 za asubuhi, kila siku, bustani zote nne. Haki yao niwape: wameeneza, hulazimiki tena kubahatisha ni bustani ipi leo. Ila nenda ukazione zenyewe. Magic Kingdom, ile bustani ya kwanza ya 1971, ikifunguliwa saa tatu, nusu saa yako inaanza saa mbili na nusu, na hiyo ina maana uwe kituoni kwa basi la hoteli kwenye saa moja hivi, watoto hawajanywa chai. Unashuka, mikoba inakaguliwa, vigari vya watoto vimesongamana, mwenzako mbele simu yake haitaki kusoma tiketi. Ukishapita geti bado kuna barabara ya Main Street nzima ya kutembea hadi kwenye kasri. Sehemu zilizo wazi kwa saa hiyo ni Fantasyland na Tomorrowland tu. Nusu ya walioingia nawe wanakimbilia mchezo wa treni wa Seven Dwarfs Mine Train, na ukifika na kigari chako foleni imeshajikunja.

Shemeji yangu, tulipokuwa tunapanga safari ya ukoo, aliniuliza: "Shem, hiyo nusu saa inagharimu shilingi ngapi?" Tukakaa mezani na kikokotoo. Tofauti ya chumba kwa usiku mmoja, kati ya hoteli yao ya daraja la kati na hoteli nzuri ya nje, gawanya kwa watu, gawanya kwa michezo mtakayowahi kweli kabla geti halijafunguliwa kwa wote. Akasema, "Basi tukalale Kissimmee, tuamke kama binadamu."

Zile saa mbili za kuongezwa usiku hazikufa, zimehamishwa daraja. Sasa ni za wageni wa hoteli za kifahari tu, kwa siku zilizochaguliwa, na kwa kawaida ni Magic Kingdom au EPCOT, bustani nyingine kati ya zile nne. Anayelala Pop Century au All-Star, hoteli zao za bei nafuu, ambaye zamani alibaki ndani pamoja na wenye pesa, sasa anaonyeshwa mlango wa kutokea. Kwa njia, kati ya hizo za kifahari kuna moja itakayokufanya utabasamu, Animal Kingdom Lodge, iliyofunguliwa 2001: twiga na pundamilia nje ya dirisha, migahawa yake inaitwa Jiko, Boma na Sanaa. Naipenda, hata mama yangu aliipenda. Lakini iko mbali na bustani hizo mbili, unakwenda kwa basi tu, na zile saa za usiku unazolipia zinaisha ukiwa kituoni na mtoto amelala begani.

Kuna waliyorudisha pia. Kuegesha gari hotelini kulikuwa bure tangu 1971. Machi 2018 wakaanza kutoza, kati ya dola 13 na 24 kwa usiku. Januari 2023, muda mfupi baada ya Bob Iger kurudi kuongoza kampuni, tozo ikafutwa, na watu wakashukuru kama waliopewa zawadi. Hiyo ndiyo hila ninayoiona kubwa kuliko zote: nyang'anya, subiri, rudisha nusu, pokea shukrani. Tangu 2025 kuna pia kuingia bure kwenye bustani ya maji siku unayofika. Nzuri, kama umetua mapema na nguo za kuogelea hazijafungiwa chini kabisa ya sanduku.

Kwa nini wanafanya hivi? Kwa sababu vyumba vinajaa hata hivyo. Kitengo cha bustani, meli na bidhaa kiliingiza faida ya uendeshaji ya takriban dola bilioni 9.3 katika mwaka wa fedha wa 2024, na katika hesabu zao matumizi ya kila mgeni hutajwa kwa fahari. Kitu kikiwa ndani ya bei ya chumba, hakionekani kwenye hesabu hiyo. Kikitolewa na kuuzwa pembeni, kinaonekana. Mama ntilie akikuuzia wali kwa bei ile ile halafu akatoza maharage peke yake, utamsema kwa jirani. Kampuni ikifanya hivyo, tunaambiwa ni uhuru wa kuchagua.

Majirani zao Universal, kampuni nyingine yenye bustani za michezo hapo Orlando, walikuwa na jibu zuri zaidi. Hoteli zao tatu, Portofino Bay, Hard Rock na Royal Pacific, zinampa kila aliye chumbani Express ya kupita foleni bila kikomo katika bustani zao mbili za zamani, siku ya kuingia na ya kutoka zikihesabiwa. Kitu hicho ukikinunua siku zenye watu wengi kinavuka dola 200 kwa mtu. Kwa familia ya watu watano chumba kinajilipa. Ila hata huko upepo umegeuka: bustani mpya, Epic Universe, ilipofunguliwa tarehe 22 Mei 2025, Express hiyo ya bure haikufika, na hata hoteli ya Helios Grand iliyo ndani yake haitoi.

Bado kuna watu ninaowaambia walale kwa Disney. Wenye mtoto mchanga anayehitaji kurudi kulala mchana, na wazee wasioweza kutembea kutwa, hao ukaribu unawasaidia kweli, hasa hoteli za kando ya reli ya juu zinazofika Magic Kingdom kwa dakika chache. Wengine waangalie Swan na Dolphin, zilizo ndani ya eneo la Disney lakini haziendeshwi na Disney: nusu saa ya asubuhi wanaipata, na zile za usiku pia, na unaweza kutembea kwa miguu hadi EPCOT. Mara nyingi bei ni nafuu kuliko za jirani. Uliza tu ada ya hoteli ya kila siku na maegesho kabla hujalipa, kisha jumlisha kodi ya asilimia 12.5 ya chumba, maana bei ya kwanza unayoonyeshwa haina kodi hiyo.