Ng'ombe wa Masisi: tusianze na kisu

Kila kifua kikuu cha ng'ombe kinapotajwa hapa Goma, jibu ni lile lile: wapimwe, wagonjwa wachinjwe. Australia ilifanya hivyo kuanzia 1970, ikalipa fidia, na ikajitangaza kuwa haina tena ugonjwa huo 1997. Mfugaji wa Masisi mwenye ng'ombe watano hana wa kumlipa. Mwambie mmoja ni mgonjwa, atamswaga usiku hadi soko lingine.

Na kipimo chenyewe kina masharti. Unanyoa shingo, unapima unene wa ngozi kwa kalipa (koleo la kupimia), unachoma mililita 0.1 ya tuberkulini, dawa ya kipimo hiki, ndani ya ngozi, si chini yake. Ukichoma vizuri, kidole kitagusa kivimbe kidogo kama punje ya dengu; usipokisikia, dawa imepotea. Unarudi baada ya saa 72. Ngozi ikiongezeka milimita 4 au zaidi, huhesabiwa mgonjwa. Ikiwa kati ya 2 na 4, unampima tena baada ya siku 42 au zaidi. Sasa barabara ya Sake, ya kutoka Goma kwenda Masisi, ifungwe siku ya pili! Huwezi kurudia kesho yake, maana mwili uliokwisha kuchomwa huitika kidogo. Aliyezaa karibuni naye huenda asivimbe, na vilevile yule aliyekonda kwa ugonjwa, ambaye ndiye hatari kuliko wote.

Kwa hiyo mimi ningeanza na maziwa, maana mabichi humpitishia mtu ugonjwa huu. Yachemke mpaka yapande, au yakae nyuzi 63 kwa dakika 30. Wapenzi wa mashanza, maziwa yaliyochacha, hawatafurahi, lakini kuchacha si kuua vijidudu. Fromaji (jibini) nayo ianze na maziwa yaliyopitishwa motoni. Kijidudu hiki, *Mycobacterium bovis*, hakisikii pirazinamidi, mojawapo ya dawa nne za kwanza anazopewa mgonjwa wa tibi. Daktari anayeona tezi za shingo zimevimba aulize juu ya maziwa mabichi.

Ng'ombe aliyevimba akamuliwe wa mwisho, kwa ndoo yake, mbali na hori la wenzake, na ndama wake anywe maziwa yaliyochemshwa. Kisha apelekwe machinjioni mchana, si kwa kificho. Mkaguzi akate tezi za koo na za mapafu vipande vyembamba, akitafuta usaha mkavu wa manjano unaokwaruza kisu kama chokaa. Ugonjwa ukiwa sehemu moja tu na mnyama hajakonda, sehemu hiyo hutupwa na nyama nyingine huuzwa. Hilo mfugaji aambiwe kabla ya sindano.