Meseji ya bosi saa nne usiku

Siku hizi kila kiongozi wa kazi anaambiwa atunze nguvu ya timu yake, halafu kinachofanyika ni tisheti za rangi moja na bonanza Jumamosi kule Kigamboni. Mi nasimamia watu saba kwenye ghala la jumla hapa Dar na huko nshapita, tukala mbuzi, tukavuta kamba, Jumatatu watu wako hoi kuliko Ijumaa maana ile Jumamosi ndo ilikuwa siku yao ya kufua na kwenda kikoba.

Kinachowamaliza kiukweli ni grupu la WhatsApp. Kuna siku saa nne na nusu usiku nikatupia, "nani ana hesabu ya stoki ya leo?", fasta "sawa bosi" zikajaa, nikajiona nina timu iko moto kweli. Asubuhi dada wa stoo ananiambia kwa upole kwamba alimlaza mtoto chini analia ili apekue daftari. Na hiyo hesabu yenyewe nimekuja kuifungua saa tatu asubuhi!

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema masaa 45 kwa wiki, ya ziada yalipwe mara moja na nusu. Sasa utamu uko hapa, yale masaa hayamgusi anayesimamia wenzake na kuripoti moja kwa moja kwa wakubwa wa juu. Yani bosi hana saa ya kufunga, ndo maana anasahau kwamba wenzie wanayo.

Ila tusijifanye malaika. Mwaka 2022 Kenya, Seneta Cherargei alileta muswada wa kumpa mfanyakazi haki ya kutojibu bosi nje ya masaa, waajiri wakaupinga, na mi siwezi kuwaita wakatili, kwa sababu lori likikwama Tunduma usiku mteja hasubiri kuche, anahamia kwa jirani, na mshahara wa huyo dada unatoka kwa huyo huyo mteja.

Tena nilishajaribu kuwa mpole, nikapiga marufuku simu kuanzia saa kumi na mbili jioni. Wazembe wakazima, mzigo wote ukamwangukia kijana mmoja mwenye roho nzuri anayepokea simu hata akiwa bafuni. Hapo nimemtunza nani?

Sasa hivi tuna zamu, simu ya usiku anakaa nayo mtu mmoja kwa wiki, na siku akisumbuliwa kesho yake anaingia saa nne asubuhi. Ubaya wake ni kwamba mi ndo nabeba lawama, juzi tu mkurugenzi kaniuliza mbona yule kijana anaingia muda anaoutaka, nikamwambia alilala saa nane anahangaika na lori. Kaguna, kaondoka. Wiki hii simu ninayo mimi.