Simu Ilikuwa Kilambo, Mwenye Simu Je?

"Nitumie lokesheni." Mtwara siku hizi utalisikia kwa bodaboda, kwa mnunuzi wa korosho, kwa mama anayemsubiri binti yake usiku. Swali ni pale alama ile ya ramani inapofikishwa mahakamani.

Wanaoitetea wana hoja nzito. Huku vijijini mnara mmoja wa simu huhudumia kilomita kadhaa, kwa hiyo kumbukumbu za mnara haziwezi kusema mtu alisimama ghala lipi. GPS, inayopima mahali kwa satelaiti, pakiwa wazi hukosea kwa mita chache tu. Na aliyefuta hajamaliza: rekodi iliyofutwa mara nyingi hubaki ndani ya simu mpaka nyingine iandikwe juu yake. Niko upande wao hapo. Aliyeporwa pikipiki porini usiku, pengine hana shahidi mwingine.

Ila tuitazame saa. Programu nyingi huhifadhi muda kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia, ambayo iko nyuma yetu kwa saa 3. Rekodi inayosomeka 18:40 kwetu ni 21:40, na shahidi atamwambia hakimu "saa nne kasoro dakika ishirini usiku". Sasa nenda Kilambo, kando ya Ruvuma. Simu ikinasa mtandao wa Msumbiji, ambako saa iko nyuma yetu kwa saa 1, inaweza kujibadilisha yenyewe, na kwenye kioo isomeke 20:40. Tukio ni lilelile, saa nzima imepotea, na saa nzima yatosha kumtia mtu hatiani au kumnusuru. Ndiyo maana sikubali picha ya skrini peke yake. Itolewe hifadhidata yenyewe, yaani rekodi asili zilizomo ndani ya simu.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaitaka mahakama ipime data ilitunzwaje. Askari anayepokea simu na kuanza kuiperuzi anaiharibu kesi kwa mkono wake: simu iliyo hewani huendelea kuandika, na mwenye nayo anaweza kuifuta akiwa mbali. Ikatwe mtandao kwanza.

Wapo wanaohofia faragha, na hofu yao ni ya kweli. Lokesheni hiyohiyo humsaidia mume mkali kumwinda mkewe. Kinachoninyima usingizi mimi ni kingine. Msimu wa korosho simu ya kaka huchukuliwa na mdogo wake kwenda nayo ghalani, ikarudi usiku. Ramani itasema simu ilikwenda. Mwendesha mashtaka alete pia mtu aliyeiona mkononi mwa nani.